Mrejesho: faini ya maegesho imefutwa, hela ya kufungua gurudumu bado

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona swali langu: nilikuta gari limefungwa gurudumu na karatasi ya faini kwenye kioo, mahali ambapo kibao cha katazo kilikuwa kimefunikwa kabisa na matawi ya mti. Nikauliza nilipe yaishe au nikate rufaa.

Asanteni mlioniambia nisiharakie kulipa faini. Ya kufungua gurudumu ilibidi niitoe, maana bila hiyo gari haliondoki. Aliyenishauri nipige picha siku ileile, Mungu ambariki. Nilipiga nikiwa kwenye kiti cha dereva, kibao hakionekani, kisha kwa mbali ili nguzo, mti na gari vitokee pamoja. Siku chache baadaye matawi yakakatwa! Bila zile picha ningeonekana mzushi.

Barua niliifanya fupi: namba ya gari, namba ya faini, saa, mahali, na sababu moja tu. Aliyetaka nilalamikie pia lugha chafu ya mfungaji, samahani mkuu, hilo niliacha, ningelithibitishaje? Niliipeleka kwa waliotoa faini kabla muda wa rufaa haujaisha na nakala yangu ikagongwa muhuri. Huo muhuri ndio ulioniokoa, kwa sababu mwanzoni walidai hawajapokea kitu.

Majibu yamekuja kwa maandishi: faini imefutwa. Hela ya gurudumu wamegoma kurudisha, eti niidai kwa kampuni iliyofunga. Nimewaandikia hao nao, kimya mpaka sasa. Wakijibu nitawajulisha.