Mrejesho: ile bastola ndogo ya kubeba kiunoni

Wakuu habari, ni yule niliyeuliza bastola ipi ndogo ya bei nafuu ya kubeba chini ya nguo, wengi mkasema Taurus G3C, wachache Ruger LCP, na mmoja akanikomalia nijinyime ninunue Glock 19. Basi kabla ya kutoa hela nikaenda renji (uwanja wa kulengea shabaha) nikazijaribu zote tatu.

Ile LCP kuibeba ni raha, nyepesi mno hata haifiki gramu 300, ila kuipiga sasa! Kidole cha mwisho hakina pa kushika, inaruka mkononi kama chura, na shabaha yake ni ya kukisia tu. Nikagundua udogo ukizidi nao ni tabu. Glock 19 tamu kweli, risasi 15, ila kwa mwili wangu mwembamba kitako kinachomoza nyuma ya shati, kila mtu anajua.

Nikaishia G3C, ya risasi za 9mm, magazini yake (kile kisanduku cha risasi) inachukua risasi 12. Triga yake (kifyatulio) ina safari ndefu, yaani unaivuta sana kabla risasi haijatoka, imebidi niizoee.

Kosa langu, nilibana kwenye kununua mfuko wake, nikachukua wa kitambaa laini, nikikaa unakunjika mdomo, hata kurudisha bastola nikawa naogopa isije ikakamata triga. Nikautupa nikachukua wa plastiki ngumu inayofunika triga yote, pamoja na mkanda mgumu wa kiunoni. Hapo sasa hata nikiinama haisogei, ila kwenye kiti cha gari bado inanichoma mbavuni.