Bluesky, Mastodon, Threads au tubaki tulipo? Ulinganisho kwa wenye biashara

msafirishaji_AR

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Wageni wetu wengi ni Wajerumani, Waholanzi na Waingereza, na Wamarekani kidogo. Tangu X (zamani Twitter) ifungwe nchini Mei 2025, akaunti yetu kule imelala. Mgeni akituandikia hatumwoni mpaka mtu awashe VPN, programu ya kupitia njia ya pembeni, na VPN nazo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilishatutaka tuzitolee taarifa tangu Oktoba 2023. Siwezi kumwambia mfanyakazi aifanye kuwa utaratibu wa ofisi. Instagram ipo, ila usipolipia tangazo posti inaishia kwa ndugu na marafiki.

Kijana wetu wa masoko anataka tuhamie kwenye hii mitandao isiyo na mmiliki mmoja. Anapigia debe Bluesky. Mwenzake anasema Mastodon ndiyo yenyewe. Mke wangu, ambaye ndiye mshika fedha, anauliza kwa nini tusitulie na WhatsApp na Instagram tukaacha kuhangaika. Threads nimeiongeza mwenyewe kwa kuwa ni ya kampuni ileile ya Instagram na akaunti tunayo tayari.

Nani amewahi kuitumia kwa biashara? Naomba uzoefu, ushabiki tuuache.

fundi_seva

Mkuu, swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo.

Kwanza elewa kwamba Bluesky na Mastodon zinawekwa kapu moja lakini hazifanani. Mastodon ilianzishwa 2016 na Mjerumani, Eugen Rochko. Ni programu huria. Yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti na posti, na seva hizo zinazungumza kwa itifaki (lugha ya pamoja) ya ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Ukiwa seva ya Berlin unamfuata aliye seva ya Tokyo bila tatizo. Bluesky ilianza 2019 kama mradi ndani ya Twitter, ikajitenga ikawa kampuni inayojitegemea, na ikafunguliwa kwa kila mtu Februari 2024. Ina itifaki yake, AT. Kwenye karatasi unaweza kuhamisha akaunti yako na kila ulichoandika ukaweka seva nyingine. Kwa vitendo watu karibu wote wapo kwenye mashine za kampuni ileile. Kwa hiyo anayesema Bluesky haina mwenyewe anasema nusu ya ukweli.

Kwa biashara, kinachonivutia mimi ni jina. Bluesky inakuruhusu kutumia domeni yako, yaani anwani ya tovuti yako, kuwa jina la akaunti. Unaingia kwa aliyekuuzia domeni, unaongeza rekodi moja ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni, unarudi kwenye programu unabonyeza kuthibitisha, umemaliza. Kuanzia hapo mgeni akiona akaunti inaitwa kwa jina la tovuti yenu anajua ni nyie. Tapeli hawezi kuiga, maana hana funguo za domeni yenu. Na kwenye utalii mnajua matapeli wanavyofungua kurasa za kampuni za watu na kukusanya malipo ya awali ya safari hewa. Mastodon nayo ina njia yake: unaweka kiungo cha wasifu wako kwenye tovuti yenu, na kwenye wasifu kiungo cha tovuti yenu kinageuka kijani. Zote mbili ni bure.

Upande wa maumivu. Mastodon ukihama seva, wafuasi wanakufuata lakini posti zako za zamani zinabaki kule ulikotoka. Na seva zinakufa. Mmiliki wa mastodon.lol alitangaza Februari 2023 kwamba anafunga, akawapa watu miezi mitatu. Nyingine, queer.af, ilikatika Februari 2024 kwa sababu .af ni domeni ya Afghanistan na Taliban waliifuta. Maelfu ya posti ni nzuri, lakini angalia zimekaa kwa nani.

Na kumbuka kote kuwili hakuna sehemu ya kulipia tangazo. Hakuna kuboost. Kama mkakati wenu wote ni kulipia posti, hapo hamna kazi.

Kwenye mitandao mikubwa umepanga fremu kwenye jengo la mtu. Akibadilisha masharti, unahama na meza yako, wateja wanabaki.

Mama Vikoi

Fundi nimekusoma, ila heri nipange fremu Kariakoo kuliko nimiliki jengo porini.

Mimi nauza vikoi na mashuka. Naweka status asubuhi. Mteja anapiga picha ya skrini, ananirudishia, anaandika "hii ya bluu ipo?". Namjibu ipo, namtumia Lipa Namba, boda anachukua mzigo. Hakuna domeni, hakuna itifaki. Huyo mteja wangu wa Tandika ana bando la WhatsApp tu, simu yake imejaa picha za watoto, halafu nimwambie apakue programu nyingine anifuate? Atanunua kwa jirani yangu.

Msafirishaji, msikilize mkeo.

Mdau wa Nairobi

Mama umenichekesha, na kwa biashara yako uko sawa kabisa. Lakini tofautisha: wateja wako wako Dar, wateja wa msafirishaji wako Ulaya. Na WhatsApp nayo ni ya mtu. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita, dunia nzima. Hapa Nairobi wauzaji waliokuwa wamehifadhi oda zote kwenye chati walikaa kusubiri, hata majina ya waliolipa hawakuwa nayo. Uganda ndiyo usiseme, Facebook imefungwa kule tangu Januari 2021.

Niseme kuhusu Threads, maana naona fundi ameiruka. Ilizinduliwa Julai 2023 na ndani ya siku tano ikafikisha akaunti milioni 100, kwa kuwa mwenye Instagram alihitaji kubonyeza mara moja tu. Machi 2024 ikaanza kuwaruhusu watumiaji wa Marekani, Kanada na Japani kuunganisha posti zao na Mastodon kwa ActivityPub. Mwenye mali ni Meta. Akaunti yako ya Instagram ikifungiwa, na Threads unaiaga. Kwa mtu anayetafuta njia ya pili ya kufikika, kuongeza Threads ni kubaki na mwenye nyumba yuleyule.

Pia tusichukulie kila mtandao mpya kuwa kimbilio. Nigeria walipofunga Twitter Juni 2021, serikali yao ilifungua akaunti Koo, ule wa Wahindi. Koo ulifungwa Julai 2024. Waliojenga wafuasi kule walianza upya. Sawa, Koo haukuwa wa mfumo huu tunaoujadili, lakini presha ya "hamieni haraka" ilikuwa hiihii.

crypto_mwanza

Mbona hamtaji ile mitandao inayokulipa kwa sarafu za kidijitali? Huko ndiko hakuna mwenyewe kabisa. Biashara inapost, inapata tokeni.

fundi_seva

Mkuu, soma kisa cha Steemit. Ulianza 2016 kwa ahadi hiyohiyo. Mwaka 2020 Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, aliinunua kampuni, na masoko makubwa ya sarafu yakatumia tokeni za wateja wao kupiga kura ya kumuunga mkono. Jumuiya ikajitenga Machi 2020 ikaanzisha mtandao wake, Hive. Mwenye kampuni ya utalii hana muda wa vita vya namna hiyo. Tena mteja mwenyewe anayetafuta safari ya Serengeti hayuko kule kwa ajili ya safari, yuko kwa ajili ya bei ya tokeni.

Kijana wa Hamburg

Salamu kutoka baridini. Niko Ujerumani miaka mingi sasa, na huwa nawasaidia jamaa wa nyumbani wanaoleta wageni.

Msafirishaji, kwa Wajerumani usiidharau Mastodon. Hapa si mtandao wa mafundi peke yao. Mamlaka ya shirikisho ya ulinzi wa taarifa binafsi inaendesha seva ya social.bund.de, na wizara na taasisi za serikali zina akaunti humo. Waholanzi nao wana social.overheid.nl tangu 2023. BBC walianza majaribio na seva yao mwaka huohuo. Mjerumani wa makamo anayejali faragha, anayesoma masharti yote kabla ya kulipa, ndiye mgeni wako wa safari ya siku kumi, na watu wa aina hiyo wapo kule. Ila wapo pia walioshindwa: Umoja wa Ulaya ulikuwa na seva yake, EU Voice, kuanzia 2022, ikafungwa Mei 2024 kwa kukosa taasisi ya kuichukua. Kwa hiyo wewe usijenge seva yako. Chukua akaunti kwenye seva yenye watu wanaoeleweka, soma kwanza kanuni zake, maana nyingine hazitaki matangazo ya biashara kabisa.

Na ukienda, nenda na adabu za kule. Ukimwaga "Book now! 20% off!" utanyamaziwa siku ya kwanza. Picha isiyo na maelezo kwa ajili ya wasioona watakusema, tena hadharani. Andika maelezo yenyewe: "Tembo jike na ndama wanavuka barabara karibu na lango la Tarangire, vumbi jekundu, magari mawili yamesimama." Halafu weka hashitagi, maana kule ndiyo njia kuu ya kuonekana na mtu asiyekufuata. Hakuna algoridhimu ya kukubeba. Posti zinakuja kwa mfuatano wa saa. Ukipost saa tisa usiku wa Ulaya, umeandika hewani.

Dereva wako anayejua ndege ana thamani kubwa huko kuliko kijana wa masoko. Mtu akiuliza "huyu ni ndege gani?" na dereva akajibu, umepata mgeni.

mhasibu_mkongwe

Naona wote mnasema ni bure. Bure iko wapi? Kila akaunti ni mtu wa kuijibu. Kampuni ndogo ikiwa na Instagram, Facebook, WhatsApp, TripAdvisor na barua pepe, tayari kuna maswali yanayokaa siku mbili bila majibu. Ukiongeza mbili, umeongeza sehemu mbili za kumkasirisha mteja.

Halafu hili la kuweka seva yenu, hata Hamburg asingelikataza ningelikataza mimi. Seva ya Mastodon inahifadhi nakala za picha za seva nyingine, kwa hiyo diski inajaa hata kama nyie hamjapost kitu. Na mkiruhusu watu wengine wafungue akaunti kwenu, taarifa zao ni jukumu lenu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mko tayari kwa hilo kwa sababu ya wafuasi wa kubahatisha?

Kipimo changu ni kimoja: katika fomu ya maombi ya safari weka swali "umetujuaje?". Mwisho wa msimu hesabu. NPR, redio ya umma ya Marekani, iliacha kupost Twitter Aprili 2023, na baada ya miezi sita wakasema wasomaji wa tovuti walipungua kwa kama asilimia moja tu. Maana yake miaka yote ile mtandao uliowachosha ulikuwa unawaletea kiduchu. Msafirishaji, X ilikuletea wageni wangapi kabla haijafungwa? Kama hujui, huna msingi wa kuchagua mbadala.

Bint wa Mkunazini

Swali la pembeni: kwani hii mitandao haifungwi? Naona mnazungumza kana kwamba ina kinga.

fundi_seva

Inafungwa, dada. Bluesky wengi wanaingia kupitia anwani moja, kwa hiyo kuizuia ni kazi ndogo. Mastodon ni ngumu zaidi kwa sababu seva ni nyingi, lakini seva uliyopo wewe ikizuiwa, umezuiwa. Na intaneti yenyewe ikizimwa, kama Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi, mfumo wowote ule ni sifuri. Tofauti iko kwa mgeni aliye nje: ujumbe wake unakusubiri, na kama una domeni na orodha ya barua pepe za wateja, mwenzako aliye nje ya nchi anaweza kuwajibu kwa niaba yako.

Mfano mzuri ni Brazili. X ilifungwa kule mwishoni mwa Agosti 2024 hadi Oktoba 8, na ndani ya siku chache tu Bluesky ikapokea watu zaidi ya milioni moja. Wenye biashara waliokuwa na akaunti tayari hawakupata shida ya kutafuta jina.

msafirishaji_AR

Wakuu, shukrani. Mzee mhasibu, hilo swali la X limenibana. Nimeuliza ofisini hakuna mwenye jibu. Fomu inaongezwa swali leo.

Tulipofikia na mke wangu: WhatsApp na Instagram zinabaki kazini kama zilivyo. Threads tunaiacha. Bluesky tunafungua kwa domeni yetu, hata kama tutapost mara moja kwa wiki, kulinda jina. Mastodon tunajaribu msimu mmoja, na atakayeishika ni dereva wetu anayejua ndege, Kijerumani chake cha kubangaiza kinatosha. Seva yetu hapana. Akiishia kupata maswali ya ndege bila mgeni hata mmoja, tunafunga kwa heshima.

Mama Vikoi

Haya. Na hiyo domeni mnayoisema inanunuliwa wapi? Nauliza tu.

fundi_seva

Karibu mama. Za .tz zinauzwa na wakala walioidhinishwa. Ila iandikishwe kwa jina la biashara yako na barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe, siyo ya kijana atakayekutengenezea tovuti. Wapo waliohama na domeni za watu mfukoni. Na weka ukumbusho kwenye simu wa tarehe ya kulipia upya.