Jedwali katika lugha ya programu ya C linaonyesha namba za ajabu baada ya malloc

Muulizaji, Moshi:
Wakuu, habari za jioni. Ninaandika programu ya kutunza vipimo vya mvua vya vijiji, kila kimoja kikiwa na miezi 12, lakini idadi ya vijiji haijulikani mpaka mtumiaji aiingize. Nimetenga kumbukumbu kwa malloc, ila miezi ambayo sijaijaza inatoa namba zisizoeleweka. Tatizo liko wapi?

Jibu la kwanza:
Mkuu, malloc hukupa nafasi bila kuisafisha, kwa hiyo unasoma mabaki yaliyokuwamo. Tumia calloc, ambayo hujaza sifuri (n ni idadi ya vijiji):

int (*mvua)[12] = calloc(n, sizeof *mvua);

Ukishahakikisha kwamba haikurudisha NULL (yaani nafasi haikukosekana), utaandika mvua[i][j] kama kawaida, na free(mvua) moja itatosha kuachilia kumbukumbu yote.

Jibu la pili, Arusha:
Nakubaliana, isipokuwa sifuri ni kipimo halali cha mvua, hasa Julai huku kwetu; mwezi ambao haujapimwa ni afadhali uujaze -1 kwa kitanzi. Na kama ulitumia pointa ya pointa (pointa ni kigeu kinachoshika anwani ya kumbukumbu), ukatenga kila safumlalo peke yake, lazima uziachilie zote kabla ya kuachilia pointa kuu.

Muulizaji:
Nashukuru. Nilikuwa nimetumia pointa ya pointa, naibadilisha.