Mrejesho: wale sato waliokuwa wanahema juu ya maji asubuhi

Wakuu, nilileta ishu ya sato wangu kupanda juu alfajiri midomo wazi, maji kijani kama mchicha uliosagwa. Asanteni sana aisee. Nilisitisha samadi niliyokuwa naweka bwawani, nikapunguza chakula na kuingiza maji mapya usiku maana hewa ndo inaisha kabisa kuelekea alfajiri, na kweli wametulia, sasa ukijani umepungua, ukizamisha mkono mpaka kiwiko ndo vidole vinaanza kupotea machoni, kama mlivyosema inavyotakiwa. Ila ukuaji bado mtihani, mbegu (samaki wadogo wa kupandikiza) ilikuwa mchanganyiko wa madume na majike kwahiyo wanazaliana tu bwawa limejaa vifaranga, na wale kambare wa kula vifaranga ili wapungue naona bado hawajafua dafu. Nikishavuna naweka madume tupu, kama kuna mwenye mbegu ya uhakika huku Morogoro anishtue.