Naomba ushauri: darubini ya joto ya bei nafuu kwa kulinda shamba usiku

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Kiryandongo, Uganda, nalima mahindi ekari sita, na nguruwe pori wananimaliza. Wanaingia kuanzia saa saba usiku. Tochi kali wameshaizoea. Niliazima kamera ya usiku ya infraredi, lakini mwanga wake unagonga majani ya mahindi na kurudi. Naona weupe mtupu. Ndiyo maana nafikiria ya joto, inayoona joto la mwili wa mnyama bila kumulika.

Sina bunduki wala sitaki kuwinda, maana bila kibali cha UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda) hiyo ni kesi. Nataka ya kushika mkononi tu, niwaone mapema niwatume vijana na mbwa (mbwa wenyewe waoga, tuyaache hayo).

Bajeti yangu ni shilingi milioni mbili. Kwa pesa hiyo napata zenye kihisi (sensa) cha pikseli, yaani nukta za picha, 256 kwa 192. Za 384 kwa 288 zinanishinda. Je, hiyo ndogo inatosha kutofautisha nguruwe na mtu kwenye mita 150? Nisije nikamwachia jirani mbwa. Na aliyewahi kuagiza kupitia Entebbe, forodha walimdai kibali chochote?