Naomba ushauri: programu inaanguka, nataka ionyeshe funksheni zilivyoitana

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Nimeandika programu kwa lugha ya C inayopokea uzito kutoka kwenye mizani na kutunza hesabu za wauza dagaa pale mwaloni Kirumba. Inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Linux. Mara mojamoja inazima ghafla alfajiri, magunia yakiwa kwenye foleni, na akina mama wanarudi kwenye madaftari. Inaniuma kweli.

Nina kifaa changu cha kusaka hitilafu kinachonasa SIGSEGV (ishara ya Linux kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), ila kinaandika tu "imeanguka". Nataka kitoe mfululizo wa funksheni (vipande vya programu vinavyofanya kazi moja moja) zilizoitana hadi pale. Nimetumia backtrace() ya glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux), inayokusanya anwani za funksheni hizo, na backtrace_symbols_fd() inayoziandika kwa majina. Ile backtrace_symbols() nimeikwepa kwa sababu inaita malloc (inayogawa kumbukumbu), na malloc ikiwa ndiyo iliyoharibika, kifaa chenyewe kinaweza kuganda.

Nimekompaili kwa -g (inayoweka taarifa za kusaka hitilafu) na -rdynamic (inayoweka wazi majina ya funksheni). Funksheni za kawaida zinatoka kwa majina, lakini zile za static (zinazojulikana ndani ya faili lao tu) zinatoka anwani tupu. Nikizipeleka kwenye addr2line, zana ya kugeuza anwani kuwa mstari wa msimbo, inajibu ?? tu. Nadhani ni kwa kuwa programu imejengwa kama PIE, hivyo inapakiwa mahali tofauti kwenye kumbukumbu kila ikiwashwa.

Je, nijenge kwa -no-pie, au nisome /proc/self/maps (orodha ya programu ilivyopakiwa kwenye kumbukumbu) nipate anwani ya mwanzo kisha niitoe kwenye zile anwani tupu? Njia ya kwanza ni nyepesi, lakini inapunguza ulinzi na mashine hii ipo kwenye intaneti. Mliowahi kulifanya hili, mlipita wapi?