Basi la kijiji chetu Uingereza limefutwa, na wazee wamejulishwa kwa karatasi ya ubaoni!

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Naishi kijijini huku mashariki mwa Uingereza, upande wa mashamba ya viazi na kabichi, ardhi tambarare mpaka macho yanachoka. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuhakikisha wamekula. Kijiji chetu kina kanisa la mawe, baa moja, ukumbi, shule ya msingi yenye watoto wachache na kibanda chekundu cha simu ambacho simu yake iling'olewa zamani, sasa kina mashine ya kushtua moyo uliosimama. Duka lilifungwa, na posta iliyokuwa ndani ya duka ikaondoka nalo. Tulikuwa tumebakiwa na basi. Lilipita mara chache kwa siku na Jumapili halikuja kabisa, lakini lilikuwepo. Sasa limefutwa.

Kufutwa kunauma, ila kilichonitoa machozi ya hasira ni jinsi habari yenyewe ilivyoletwa. Karatasi moja ya A4, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ikapigwa pini kwenye ubao wa matangazo pembeni ya kanisa. Mwezi wa Agosti, watu wako likizo. Maandishi ya sisimizi. Chini yake anwani ya tovuti ya kutolea maoni, na tarehe ya mwisho imeshakaribia. Basi! Hakuna aliyegonga mlango wa mtu, hakuna barua iliyotumwa, hata dereva wa basi aliambiwa na abiria, akashangaa.

Jamani, hebu fikirini nani anapanda basi kijijini. Bibi mmoja ninayemhudumia amevuka miaka 90, macho yamefifia, intaneti hana na wala hajawahi kuitaka. Kila Alhamisi alikuwa anavaa koti lake zuri anapanda basi kwenda sokoni mjini, ananunua samaki, anakunywa chai na wenzake wawili aliosoma nao, anarudi. Hiyo ndiyo safari yake ya wiki nzima. Huyo ndiye mtu ambaye maoni yake yalitakiwa, na ndiye ambaye wameweka kila kizuizi asiyatoe. Mwenye gari mbili mlangoni na simu janja mfukoni ndiye anayeweza kujaza ile fomu, na huyo basi halimhusu. Halafu ripoti inatoka, inasema maoni yaliyopokelewa yalikuwa machache. Yangekuwaje mengi?

Niliuliza. Kampuni ya mabasi ikasema njia hailipi na halmashauri imeondoa ruzuku. Halmashauri ikasema kampuni ndiyo iliyoamua, wao hawamiliki mabasi. Baraza la kijiji likasema jambo hilo liko juu ya uwezo wao. Watatu wote wananyoosheana vidole, na hakuna hata mmoja aliyesema "pole."

Kwa wasiojua mfumo wa huku nitaeleza kidogo, maana nimeutafuta mwenyewe usiku baada ya kazi. Mpaka mwaka 1986 mabasi nje ya London yalikuwa chini ya utaratibu wa umma. Sheria ya Usafiri ya 1985 ya serikali ya Margaret Thatcher ikafungua soko: kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986 kampuni yoyote inajichagulia njia, muda na nauli, na ikiona hailipi inaiacha. London haikuingizwa kwenye soko hilo. Kule mamlaka ya umma ndiyo inayopanga njia na ratiba, kampuni zinapewa tenda tu. Ndiyo maana mtu wa London ukimwambia "basi la mwisho ni saa 11 jioni" anadhani unatania. Vijijini, njia isiyolipa inabaki hai iwapo tu halmashauri itaamua kuitolea pesa, na bajeti ikibana, hiyo ndiyo pesa rahisi kukata. Manchester na miji inayoizunguka walichoka, wakayarudisha mabasi yao chini ya usimamizi wa umma kuanzia Septemba 2023, na Januari 2025 wakakamilisha. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana pale penye watu wengi wa kupiga kelele.

Sasa kuna jambo ambalo nataka mlitazame kwa makini. Huyo huyo Thatcher, mwaka 1960 akiwa mbunge mgeni kabisa, ndiye aliyepeleka bungeni muswada binafsi uliokuja kuwa sheria ya kuwaruhusu wananchi na waandishi wa habari kuingia kwenye vikao vya mabaraza. Sheria hiyo inalihusu mpaka leo hata baraza la kijiji kama letu. Yaani mlango uko wazi. Lakini anayeingia ni nani? Zamani gazeti la wilaya lilikuwa linatuma mwandishi, anakaa nyuma na daftari, Ijumaa unasoma nani alisema nini kuhusu basi, kuhusu mtaro uliofurika, kuhusu nyumba mpya. Wazee wangu wanalikumbuka vizuri. Gazeti hilo lilifungwa. Kilichobaki ni jarida la kanisa linaloletwa mlangoni mara moja kwa mwezi: ratiba ya ibada, mashindano ya maua, shukrani kwa waliooka keki za sherehe ya mavuno. Vitu vizuri, na watu wanaoliandika wanajitolea, siwalaumu. Ila kuhusu basi hapakuwa na mstari hata mmoja, kwa sababu toleo la Agosti lilishachapishwa kabla karatasi haijabandikwa. Na kuna kundi la Facebook la kijiji, ambako siku ile ile watu walikuwa wanabishana kuhusu mbwa aliyechafua njia ya miguu. Habari ya basi iliwekwa pale na mtu mmoja, ikazama.

Nasema wazi: kijiji kisicho na mtu wa kukitangazia mambo yake kinanyang'anywa vitu mchana kweupe na hakuna anayejua mpaka siku ya kusimama kituoni. Bibi yangu alisimama kituoni. Mvua inanyesha. Alisimama mpaka jirani aliyekuwa anapita na gari akamwambia.

Mwingine anayeumia ni binti yangu. Sheria ya huku inataka kijana aendelee na elimu au mafunzo mpaka atimize miaka 18. Lakini usafiri wa bure wa shule ambao halmashauri inalazimika kuutoa kwa wanaoishi mbali unakoma mtoto anapomaliza mwaka wa shule wa umri wa miaka 16. Miaka miwili hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo anakwenda chuo mjini, maili 11 kutoka hapa, mzazi ajitegemee. Binti alikuwa anapanda basi hilo. Teksi kwenda na kurudi ni pesa ya kazi yangu ya nusu siku. Kutembea haiwezekani, barabara hazina njia ya waenda kwa miguu wala taa, na wakati wa baridi saa 10 jioni ni giza. Nimemwandikia mkuu wa kitengo cha usafiri nikamuuliza mtoto afike chuo kwa njia gani. Jibu lililokuja lilinishauri nitazame ratiba ya mabasi kwenye tovuti. Ratiba ya basi walilolifuta wao!

Na wazee wana kadi zao za kupanda basi bure. Ni haki kwa England nzima tangu 2008, siku za kazi kuanzia saa 3:30 asubuhi mpaka saa 5 usiku, wikiendi siku nzima. Serikali pia imeweka kikomo cha nauli, pauni 2 ilipoanza Januari 2023, pauni 3 tangu Januari 2025. Kadi ya bure na nauli nafuu, vyote vinang'aa kwenye taarifa ya habari, na huku kwetu hakuna gurudumu la kuvitumia.

NYONGEZA: Nimesoma maoni yenu, nijibu machache.

Aliyesema "hao ni wazungu wana hela, achana nao": ndugu yangu, njoo uingie kwenye nyumba ninazoingia mimi saa 1 asubuhi. Nyumba ina baridi kwa sababu mwenyewe anaogopa bili ya umeme. Mtu hajaongea na binadamu mwingine tangu nilipoondoka jana. Kuna mzee alilima mashamba ya watu maisha yake yote, nyumba ni ya kupanga, watoto wako mbali. Mimi nimelelewa kwamba mzee ni mzee, hata kama si wa kwenu. Nikinyamaza kwa sababu ya rangi yake nitakuwa mtu wa namna gani?

Aliyesema nihamie mjini: viza ya kazi imefungwa na mwajiri, wengi humu mnajua. Na nikihama mimi, bibi anahamia wapi?

Aliyesema "wanunue magari": mimi gari ninalo na leseni ya huku ninayo, bila hivyo nisingeweza hata kufika kwa wazee. Lakini mwenzangu kazini, mama wa Kitanzania, leseni yetu ya nyumbani inamruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu awe mkazi. Baada ya hapo ni lazima afanye mtihani wa nadharia na wa barabarani upya, na foleni ya mtihani wa barabarani ni ya miezi. Katikati hapo alikuwa anategemea basi. Akishindwa kufika kazini ni nani atamwogesha yule mzee wa nyumba ya mwisho? Kuhusu wazee, daktari amewapiga marufuku kuendesha, na ni sawa kabisa, usalama wao na wa watoto barabarani. Ila aliyewanyang'anya usukani ndiye awaachie basi.

Kuna aliyeuliza kwa nini wasipigiwe simu wajulishwe. Mkuu, hata simu ziko mashakani. Mtandao wa zamani wa simu za waya unazimwa, mwisho umesogezwa mpaka Januari 2027, na simu mpya zinapita kwenye intaneti. Umeme ukikatika simu inakufa isipokuwa uwe na betri ya akiba. Wazee wangu wengi wana ile kengele ya shingoni wanayobonyeza wakianguka, na nyingi zinapita kwenye waya huo huo. Hilo nalo walilijua kwa karatasi. Nitalifungulia uzi wake, nisichanganye mambo.

Sasa ninachodai. Baraza la kijiji lisituambie halina uwezo. Nimesoma: sheria ya mwaka 1997 inaliruhusu kuchangia huduma ya basi, kuandaa mpango wa watu kupeana lifti, kupunguza nauli ya teksi kwa wasiojiweza, na kutangaza habari za usafiri. Kutangaza! Linakusanya fungu lake ndani ya kodi ya halmashauri ambayo kila kaya inalipa, mimi pia nalipa. Ajenda ya kikao inatakiwa ibandikwe siku tatu kamili kabla, hilo wanalitimiza kwa ubao ule ule. Nataka ajenda iandikwe kwa herufi kubwa na ipite mlango kwa mlango, kaya zenyewe hazifiki mia mbili. Nataka karani aandike rasmi kwa halmashauri aombe waliojibu ile fomu watajwe kwa umri wao, majina hatuyahitaji, ili ionekane kama kuna hata mmoja mwenye miaka 80. Na nataka kura ipigwe hadharani kuhusu kuanzisha basi la jamii.

Hilo basi la jamii ndilo linalonifanya niwaite humu. Sheria ile ile ya 1985, kifungu cha 22, inatoa kibali kwa kikundi kisichotafuta faida kuendesha basi dogo kwa madereva wa kujitolea, na abiria yeyote anapanda. Vijiji vingi vya huku vinaishi kwa kibali hicho. Najua humu kuna wadau walioko Wales, Scotland na vijijini England. Aliyewahi kushiriki, hata kama dereva tu, naomba aandike hapa chini: gari mlilipata wapi, bima inalipwa na nani, madereva mliwashawishije, na kadi za bure za wazee mnazipokea au hapana.

Kikao ni Jumatatu ijayo saa 1 usiku, ukumbini. Bibi anakuja, nitamleta mimi mwenyewe. Ana maswali yake matatu ameniandikisha, na amekataa nimsomee mimi. Nahitaji majibu yenu kabla ya Jumamosi jioni, ndipo jirani anaponifungulia ofisi yenye mashine ya kuchapa.